Mawe Kumi na Saba kwenye Sinia: Namna ya Kutengeneza Sanaa Shirikishi Inayoonyesha ADHD Ilivyo Ndani

Kazi yangu ya kwanza ya sanaa kuhusu ADHD, hali ya ubongo niliyo nayo mimi inayofanya umakini uwe mgumu kuuongoza, ilikuwa mbovu, na naanza nayo kwa sababu wengi huanzia hapohapo. Nilipata chumba kitupu, nikafunga taa za rangi zinazowakawaka, nikaweka spika nne kwenye pembe: honi, redio, watu wanaobishana mpira, simu inayoita bila kupokelewa. Wageni waliingia, wakaziba masikio, wakacheka, wakatoka wakinipa pole. Nikajiona nimeweza.

Kisha akaja mzee mmoja mfanyabiashara. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. Alipotoka akaniambia, "Mwanangu, hii ni Kariakoo tu. Mimi nimeuza pale miaka thelathini na sijawahi kumkosea mteja chenji."

Usiku ule sikulala vizuri, maana mzee alisema kweli. Honi anazozisikia yeye na ninazozisikia mimi ni zilezile, ila yeye ameshika rimoti. Anapunguza honi, anaongeza sauti ya mteja, na wala hajui kama anafanya hivyo. Rimoti yangu mimi ameishika mtu mwingine, tena mwenye utani. Kuna saa anaongeza sauti ya feni mpaka simsikii mtu aliyekaa mbele yangu. Kuna saa anaizima dunia nzima, nikasoma habari za pweza kwa saa nne na kusahau kula. Jina la kitaalamu linasema "upungufu wa umakini", na limewapotosha wengi. Umakini ninao, mwingine hata wa kupitiliza, ila siupangii mimi pa kwenda.

Picha ya ukutani inaweza kuonyesha kelele. Haiwezi kuonyesha rimoti iliyo mkononi mwa mwingine, kwa sababu anayetazama picha hana kitu anachojaribu kukifanya. Hapo ndipo sanaa shirikishi inapofaa: mgeni anapewa kazi, anataka kuifanya, anaamini anaiweza, halafu sanaa inaingia kati ya kutaka kwake na kufanya kwake. Jambo hili si geni kwetu. Msimulizi akisema "Paukwa!" hadithi haiendi kokote mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Mtega kitendawili naye hana chochote bila wa kukitegua. (Nitarudi kwenye vitendawili, maana vina mlango mzuri wa kutokea.)

Mwongozo huu ni wa kazi moja ndogo niliyoijenga baada ya yule mzee. Inahitaji kompyuta, hedifoni, sinia, mchele na mawe. Ukishaielewa, utaigeuza iwe yako.

Kwanza, jibu fupi la kumpa mgeni

Lazima utaulizwa ADHD ni nini. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, inayoanza utotoni na mara nyingi hutembea katika ukoo. Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake huko London kuhusu watoto wenye akili nzuri wasioweza kujizuia. Jina lenyewe la ADHD liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1987, na toleo la mwaka 2013 la mwongozo huo linataka dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, hata kama anayepimwa ana miaka 40. Wapo wasiotulia mwili. Wapo waliotulia tuli huku kichwa kimesafiri, na hawa, wengi wao wasichana, humaliza shule bila kugundulika kwa kuwa hawamsumbui mwalimu. Mtaani tuna majina yetu: mtundu, hamnazo, mvivu. Nimeitwa yote matatu, na kuna siku niliyaitwa yote kabla ya chakula cha mchana.

Hayo yanatosha. Usitundike maelezo marefu ukutani. Anayeyasoma kabla ya kuingia ataingia kama mwanafunzi, na wewe unamtaka aingie kama mtu aliyeitwa jikoni asaidie.

Hatua ya kwanza: tafuta sentensi

Usianze na orodha ya dalili. Kwa wiki moja, andika kwenye simu yako sentensi zenye umbo hili: nilitaka kufanya hivi, nikajikuta vile. Usizipambe. Zangu zilikuwa kama kumi na mbili. Nilitaka kupeleka chai sebuleni, nikajikuta nimesimama uani na mtungi wa maua, chai imepoa. Nilitaka kumjibu dada, nikajikuta nimemjibu kichwani tu, naye anasubiri wiki ya pili. Nilitaka kumsikiliza mama kwenye simu, nikajikuta nasema "sawa mama" bila kujua nimekubali nini.

Sasa chagua moja. Moja tu, na hapa ndipo watu kama sisi tunapoharibu, maana zote kumi na mbili zinang'aa na kila moja inataka chumba chake. Kipimo changu ni hiki: ipi ukiisimulia unacheka, halafu baada ya kucheka uso unapata moto? Kwangu ilikuwa ya mama.

Hatua ya pili: mpe mgeni kazi ambayo mikono yake inaijua

Ukimpa mgeni kazi mpya atashindwa kwa sababu ni mpya, na hutakuwa umemwonyesha kitu. Mpe kazi ambayo akiiona tu anasema "hii? Hii ndogo." Ile dharau ndiyo mtaji wako wote.

Mimi nilichagua kuchambua mchele. Nusu kilo ya mchele, mawe kumi na saba madogo meusi niliyoyaosha, na kikombe cha bati cha kuyatia. Wapo wanaume wanaodai hawajawahi kuchambua mchele maishani. Wape sinia uone vidole vinavyojua.

Nilianza na ungo, kwa sababu ungo unapendeza machoni. Haukufaa. Kompyuta inatakiwa isikie mikono ikifanya kazi, na ungo humeza sauti. Sinia la alumini linaimba: punje zikisukumwa unasikia mchakato mwembamba, na jiwe likigusa sinia linalia *ti*. Ukiwa na nafasi, kaa na masinia mawili matatu sokoni uyagonge kwa ukucha kabla hujalipa. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Hatua ya tatu: andika kanuni kabla hujagusa kompyuta

Hii ndiyo hatua nzito. Kanuni ni sentensi inayosema: mgeni akifanya hivi, kazi inajibu hivi. Sanaa shirikishi isiyo na kanuni ni kelele yenye vitufe, yaani chumba changu cha kwanza. Nakupa kanuni zangu tano pamoja na sababu zake, kwa maana sababu ndizo utakazozibeba ukienda kutengeneza ya kwako.

*Maagizo hutolewa mara moja.* Mgeni anavaa hedifoni, anasikia: "Toa mawe yote, weka kwenye kikombe. Hesabu kichwani. Ukifika jiwe la kumi geuza sinia upande wa pili. Mwisho utaniambia yalikuwa mangapi." Ila juu ya agizo la kugeuza sinia nimebandika mlio wa ujumbe wa simu. Ni mlio wa sekunde chache tu, na ndani yake agizo zima limepotea. Mgeni hajui kama kuna kitu amekosa. Hivyo ndivyo inavyokuwa: mtu mwenye ADHD hasikii pengo, anasikia maagizo kamili yenye vitu vitatu badala ya vinne, na baadaye anaulizwa kwa ukali kwa nini hakufanya cha nne.

*Hakuna sauti inayozimika, na inayopanda haichaguliwi kwa umuhimu.* Sauti sita zinapiga kwa pamoja chini kabisa, kwenye asilimia 15 hivi. Kila baada ya muda usiotabirika, kati ya sekunde tatu na tisa, moja inapanda hadi 70, inakaa kidogo, inashuka. Inaweza kuwa mtu anayeita jina, inaweza kuwa friji. Shikilia hapo kwenye friji. Rafiki yangu aliyenisaidia alitaka tuiondoe, akasema haina maana yoyote. Nikamwambia ndiyo maana ibaki. Mwenye rimoti hajui lipi la maana.

*Mikono ikisimama sekunde nne, sauti inasema "Anza."* Ni sauti yangu mwenyewe, kavu. Ikisimama tena: "Anza basi." Mara ya tatu: "Kitu kidogo hiki. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Anza." Haisaidii, na sikuiweka isaidie. Watu wanaona mtu amekaa mbele ya kazi ya dakika kumi kwa saa tatu na wanadhani amestarehe. Ndani yake kuna mnyapara anayepiga kelele, na kadiri mnyapara anavyopiga kelele ndivyo mikono inavyozidi kuwa mizito. Sikuamini kwamba kanuni hii ingefanya kazi kwa mgeni asiye na ADHD, mpaka nilipomwona dada mmoja ameshika punje moja ya mchele, ameganda, anaitazama.

*Akifanya kazi bila kusimama kwa sekunde arobaini, kila kitu kinanyamaza.* Hii naiita kuzama. Sauti zote zinashuka polepole mpaka sifuri na zinabaki hapo dakika nzima. Utaona mabega ya mgeni yanashuka. Utaona mawe yanatoka haraka, moja, moja, moja. Ni raha, na nilitaka raha hiyo iwemo, kwa sababu ADHD inayoelezwa kama mateso matupu ni uongo. Lakini ndani ya ukimya huo mama yangu ameanza kuongea. Sauti yake iko kwenye sifuri, ila inaendelea kupiga. Dakika ikiisha, sauti zote zinarudi kwa mkupuo, na mgeni anaudaka mkia tu: "…usimpe yote kabla hajamaliza. Umenisikia?"

Wengi hutikisa kichwa kuitikia. Sikuwaambia waitikie. Wanatikisa tu, sawa mama, na hapo nimepata sentensi yangu ya wiki ile.

*Saa ya kwenye skrini haina ukweli.* Kompyuta inaonyesha saa tu, tarakimu nyeupe kwenye giza. Mgeni akihangaika, dakika moja ya saa hiyo inachukua sekunde 90 za kweli. Akizama, inaruka dakika ishirini kwa mara moja. Mwanzoni niliifanya iwe na fujo muda wote na hakuna aliyeitazama. Ilipokuwa ya kuaminika mwanzoni ndipo watu walianza kuitegemea, na kwa kuitegemea wakapotea.

Kazi nzima dakika nne, zikizidi tano ni kumtesa mtu.

Hatua ya nne: rekodi sauti zako mwenyewe

Usipakue sauti za mjini kutoka intaneti. Honi ya New York si honi ya bodaboda, na mgeni ataijua kabla hajajua kwamba ameijua. Toka na simu. Mimi nilirekodi friji yetu, mtu anayeita jina, kituo cha daladala asubuhi, rafiki anayeigiza mtangazaji wa mpira (nyimbo na matangazo ya redio ya watu yana wenyewe, usiyachukue), mlio wa ujumbe, na mawazo yangu niliyoyanong'ona karibu na simu: *hivi nilizima jiko? yule mtu anaitwaje? pweza ana mioyo mitatu.*

Na hapa kuna siri ya jikoni: jaza namba. Mgeni anahesabu kichwani hadi kumi na saba, kwa hiyo kila sauti iwe na namba zilizo chini ya ishirini. Konda anasema "wawili nyuma, wawili nyuma." Mtangazaji anasema "dakika ya kumi na moja, tatu bila." Mnong'ono unauliza "leo tarehe tisa au kumi?" Kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika namba wakati mkono unafanya kitu kingine, ni miongoni mwa mambo yanayoyumba sana kwa wenye ADHD. Ukiiona ya mgeni inayumba kwa namba tatu za konda, hutahitaji kumweleza neno.

Sauti ya mama niliiomba. Nilimpigia nikamwambia nataka kumrekodi kwa ajili ya kazi ya sanaa. Akauliza, "Niseme nini?" Nikamwambia, sema chochote ambacho ungeniambia siku ya kawaida. Akazungumza dakika nzima bila kupumua: fundi wa tangi anakuja Alhamisi, hela iko kabatini chini ya vitenge, mwangalie asije akaacha bomba linavuja kama yule wa mwaka jana, na usimpe yote kabla hajamaliza. Ukirekodi mtu, mweleze sauti itasikika wapi na nani ataisikia. Akikataa, igize mwenyewe.

Onyo la kiufundi: ukitumiwa sauti kwa WhatsApp haitaingia jinsi ilivyo kwenye Scratch, programu ya kompyuta tutakayojengea kazi. Scratch inapokea faili za MP3 na WAV, kwa hiyo zibadilishe kwanza kwa programu ya kuhariri sauti. Kata ukimya wa mwanzo na mwisho, la sivyo sauti ikijirudia utasikia shimo, na sikio la binadamu hukimbilia shimo kuliko sauti.

Hatua ya tano: jenga

Natumia Scratch, programu ya bure kutoka chuo cha MIT cha Marekani, iliyotoka mwaka 2007. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto, na hilo lisikuvunje moyo. Ina lugha ya Kiswahili kwenye orodha yake, na unaweza kuiweka kwenye kompyuta ukafanya kazi bila bando.

Jambo la kujua mapema: kwenye Scratch, kiwango cha sauti ni cha mhusika (yaani kila kikaragosi unachokiweka kwenye skrini na kukipa amri), si cha faili. Ukiziweka sauti sita kwa mhusika mmoja, ukiipandisha moja umezipandisha zote. Nilipoteza jioni nzima hapo. Tengeneza wahusika sita, kila mmoja na sauti yake, wote wafiche wasionekane. Mama ni wa saba, na mnyapara wa nane. Kuna pia tofali, yaani kipande cha amri unachokiburuta na kukipachika, la kuhamisha sauti kushoto au kulia. Mpeleke konda sikio la kushoto, mnong'ono uache katikati kabisa, maana huo unatoka ndani.

Moyo wa programu ni vigeu viwili, yaani namba mbili zenye majina ambazo programu inazikumbuka na kuzibadilisha. Kimoja kiite *kimya*, kingine *kazi*. Kila baada ya sehemu ya tano ya sekunde, programu inauliza maikrofoni kuna sauti kiasi gani, nayo inajibu kwa namba kati ya 0 na 100. Ikiwa juu ya kiwango ulichoweka, mikono inafanya kazi: *kimya* kinarudi sifuri na *kazi* inaongezeka 0.2. Ikiwa chini, *kimya* ndicho kinachoongezeka 0.2. *Kimya* kikipita 4, mtumie mnyapara ujumbe na uvirudishe vigeu vyote viwili sifuri. *Kazi* ikipita 40, watumie wote ujumbe "zama" na uirudishe sifuri. Kanuni mbili kati ya tano zimeisha kwa hivyo vigeu viwili, ya maagizo ni rekodi tu, zilizobaki ni namba za kubahatisha na saa.

Kiwango cha kuweka utakijua kwa kupima. Kwangu, mikono ikiwa imetulia maikrofoni ilisoma 3 au 4, na ikigusa mchele ikaruka hadi 15. Nikaweka 9. Siku ya kuonyesha mtu akawasha feni ya dari, usomaji ukapanda hadi 11 na ukabaki huko, na kazi yangu ikazama yenyewe mbele ya kiti kitupu, ikiamini kuna mtu anachambua mchele kwa bidii ya ajabu. Pima upya mahali utakapoonyesha, saa ileile ya siku. Kompyuta iwe shibiri moja kutoka kwenye sinia, na hedifoni ziwe za waya zisizo na maikrofoni yake, ili kompyuta itumie ya kwake.

Kama huna kompyuta, kazi bado inawezekana. Msaidizi akae nyuma ya pazia na simu mbili, moja kwa kila sikio, atazame mikono ya mgeni kwenye upenyo na kupandisha na kushusha sauti kwa vidole. Nimeifanya hivyo mara moja umeme ulipokatika. Ilikuwa bora zaidi, kusema kweli, kwa sababu rimoti ilikuwa kweli mkononi mwa mtu mwenye utani.

Na wewe unayejenga ukiwa na ADHD, usijenge peke yako. Mwombe mtu akae chumba kimoja nawe afanye shughuli zake. Hahitaji kusaidia wala kuelewa. Mimi mdogo wangu alikaa akibana nywele, na siku hiyo nilimaliza kilichonishinda mwezi.

Hatua ya sita: mlango wa kutokea

Jaribu kwanza kwa watu watatu, angalau mmoja awe na ADHD. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo. Waulize, "Ulikuwa unajiambia nini?" Kijana mmoja alinijibu, "Nilikuwa najitukana." Hapo nikajua mnyapara anafanya kazi. Mwenye ADHD alilalamika jambo moja tu: "Ule ukimya, kwa nini umeukatisha?"

Kila mgeni aambiwe kabla ya kukaa kwamba anaweza kuvua hedifoni wakati wowote. Mimi nimewapa na neno. Kwenye vitendawili, anayeshindwa hutoa mji ili apewe jibu. Basi mgeni wangu akichoka anasema tu "Chukua mji", msaidizi anazima, wanacheka, na anaruhusiwa kutaja mji anaotoa. Nimeshapewa Tanga mara tano na Dubai mara moja. Bila neno kama hilo watu hukaa kwa aibu, na aibu ya kukaa si aibu ninayoitafuta.

Funga kiwango cha sauti cha kompyuta mahali ambapo wewe mwenyewe unaweza kusikiliza nusu saa bila kuumia, na usiruhusu mtu akipandishe. Ukiamua kutumia taa kwenye toleo lako, zisiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu wapo wenye kifafa ambao mwanga wa namna hiyo huwaletea shambulio. Nikikumbuka taa za chumba changu cha kwanza nashukuru Mungu.

Na jiandae kwa yule atakayevua hedifoni akakaa kimya, kisha akasema, "Mimi kila siku niko hivi." Atakuja, usishangae. Usimpime wewe. Dakika nne za mchele hazipimi mtu, na kukosa usingizi au huzuni pia huvuruga umakini. Uwe na jibu la wapi aende: daktari wa magonjwa ya akili kwenye hospitali kubwa iliyo karibu, kwa Dar idara ya afya ya akili ya Muhimbili, kwa Nairobi Mathari. Andika kwenye karatasi ndogo umpe mkononi, maana akiwa kweli ni mwenzetu, ukimwambia kwa mdomo atasahau kabla hajafika getini.

Ukitaka kuigeuza iwe yako

Chukua sentensi yako na utafute kazi na kanuni yake. Aliyesema "nilitaka kunyamaza, nikajikuta nimeshasema" anaweza kutengeneza skrini ya ujumbe inayotuma barua kabla mgeni hajamaliza kuandika, na isiyo na namna ya kufuta. Ambaye miguu haitulii ampe mgeni stuli na kikombe kilichojaa maji hadi ukingoni, kisha muziki unaocheza vizuri pale tu stuli inapotikisika. Wa kupoteza vitu ana utajiri mtupu: meza yenye droo sita na ufunguo ambao msaidizi anauhamisha kila mgeni anapogeuka. Sijazijenga hizi. Ya stuli naitamani.

Baada ya kila mgeni

Muulize maswali matatu kabla hajasimama. Mawe mangapi? Umekaa dakika ngapi? Mama kasema nini? Usimsahihishe papo hapo, mwache ajibu yote, na majibu yake yaandike kwenye daftari lililo wazi ili anayefuata ayaone. Kwenye daftari langu mawe yamekuwa kumi na mawili, kumi na tisa, ishirini na moja. Kuhusu mama, wengi wameandika "pesa". Mmoja ameandika "ananipenda".

Kisha mwaga mawe, yahesabu, yarudishe kwenye mchele, na utikise sinia yajifiche. Kumi na saba. Mimi huhesabu mara mbili, halafu namwomba mdogo wangu ahesabu ya tatu.